Kutoka BJ mpaka TXL: historia ya Land Cruiser na maana ya herufi zake

Katika miji ya Goma, Bukavu, Butembo na hata Kinshasa, mtu akisema kwamba jirani amenunua «TXL», hakuna anayeuliza ni kitu gani. Kila mmoja anaelewa ya kwamba ni jipu kubwa ya Toyota, yenye viti vizuri, ile ambayo mapolisi wanaifungulia njia na mabawabu wanaifungulia mulango bila kuuliza. Lakini TXL si jina la gari. Gari yenyewe inaitwa Land Cruiser Prado. TXL ni herufi za kiwanda, za kuonyesha kiwango cha vifaa ambavyo gari imewekewa: juu ya TX ya kawaida, chini ya VX. Watu wamechukua kiwango cha vifaa, wakakifanya kuwa jina.

Kosa hilo dogo linaficha jambo kubwa. Tarehe 2 Agosti 2023, kampuni ya Toyota ilionyesha siku moja Land Cruiser mbili. Ya kwanza ilikuwa mupya kabisa, ile ya mfululizo wa 250, ambayo ndiyo inarithi Prado. Ya pili ilikuwa ya mfululizo wa 70, gari ambayo umbo lake lilianza kuuzwa mwaka wa 1984. Kampuni yenye uwezo wa kutengeneza jipu inayowashwa kwa alama ya kidole bado inatengeneza gari ambayo mashofere wengi wa Kivu waliijua tangu utoto wao. Kwa nini?

Jibu linapatikana katika historia ya gari hiyo. Na kwa hospitali ya kijijini, parokia, shirika la wakulima au mfanyabiashara anayekusanya dola moja moja kwa ajili ya kununua jipu, jibu hilo si la kujifurahisha tu. Herufi mbili nyuma ya gari zinaweza kuamua kama mgonjwa atafika ama hatafika.

Mlima Fuji, mwaka wa 1951

Neno «jipu» linatoka Marekani. Wakati wa vita kuu ya pili ya dunia, kampuni za Willys na Ford zilitengeneza zaidi ya jipu 600 000 kwa ajili ya majeshi. Ilikuwa gari fupi, nyepesi, yenye kusukumwa na magurudumu yote manne, bila milango ya chuma. Vita ilipokwisha, jipu hizo zilibaki duniani kote, na jina lake likawa jina la kila gari ya namna hiyo. Mpaka leo, katika Congo, Land Cruiser ni jipu, Nissan Patrol ni jipu, Land Rover ni jipu.

Mwaka wa 1950 vita ilizuka Korea. Jeshi la Marekani pamoja na kikosi kipya cha polisi ya akiba cha Japani walitafuta gari ya aina ya jipu itakayotengenezwa huko huko Japani. Toyota ikajibu. Mwezi wa Januari 1951 ilimaliza gari ya majaribio iliyoitwa Toyota Jeep BJ. Ndani yake haikuweka mota ndogo kama ile ya Willys. Iliweka mota ya kamyo: mota ya esansi, aina ya B, yenye silinda 6, ukubwa wa litre 3,4 na nguvu ya farasi 85. Willys ilikuwa na silinda 4 na farasi 60 hivi.

Hata hivyo, kikosi kile kilichagua jipu ya Willys, iliyounganishwa Japani na kampuni ya Mitsubishi. Toyota ikabaki na gari yenye nguvu isiyo na mnunuzi. Mwezi wa Julai 1951, shofere wake wa majaribio Ichiro Taira aliipandisha BJ juu ya mlima Fuji mpaka kituo cha sita, mahali ambapo hakuna gari ilikuwa imekwisha kufika. Wakubwa wa polisi ya kitaifa walikuwa pale, wakaona kwa macho yao. Kiisha wakaagiza gari 289.

Utengenezaji wa kawaida ulianza mwaka wa 1953. Lakini kampuni ya Willys ilidai ya kwamba neno «Jeep» ni mali yake. Kwa hiyo, mwaka wa 1954, Hanji Umehara, mkurugenzi wa ufundi wa Toyota, alitafuta jina lingine. Mshindani mkubwa wakati ule alikuwa Land Rover ya Uingereza, iliyokuwa imeonyeshwa mara ya kwanza Amsterdam mwaka wa 1948. Umehara alitaka jina lisilo chini ya lile. Akachagua Land Cruiser. Ni ajabu kidogo: Toyota ililazimishwa kuacha jina la jipu, lakini wanainchi wa Congo wameirudishia bila kuomba ruhusa ya mtu.

Miaka 24 ya mfululizo wa 40

Mwaka wa 1955 ilitoka Land Cruiser ya mfululizo wa 20, na mwaka wa 1960 ikatoka ile ya 40. Hiyo ndiyo gari iliyoitangaza Toyota katika Afrika, Asia, Amerika ya Kusini na Australia. Ilitengenezwa mpaka mwaka wa 1984, yaani miaka 24.

Kwa upande wa vifaa, jambo kubwa la mwaka wa 1960 halikuwa redio wala viti. Lilikuwa bwati ya pili ya vitesi. Gari za kwanza zilitegemea nguvu ya mota peke yake kupanda milima. Ile ya 40 ilipewa pia vitesi nzito, zile ambazo magurudumu yanazunguka polepole sana lakini kwa nguvu nyingi. Kila shofere aliyewahi kushuka mlima wenye matope anajua faida yake: gari inashikwa na mota, na freni hazichomeki.

Mwaka wa 1974 ilifuata mota ya mazutu, aina ya B ya silinda 4, katika gari iliyoitwa BJ40. Mashamba, migodi na misioni ziliipenda. Mazutu haihitaji umeme wa kuwashia kama esansi, na mota yake inavuta kwa nguvu hata inapozunguka polepole. Maji ya mto yanapogusa mota ya esansi, waya za umeme zikilowana, gari inazimika. Mota ya mazutu ya zamani ilikuwa haina shida hiyo.

Wakati huo huo, wanunuzi wengine walikuwa wanaomba kitu kingine. Walitaka jipu ya familia, yenye milango minne, isiyowatikisa. Toyota iliwapa mfululizo wa 55 mwaka wa 1967, kisha ule wa 60 mwaka wa 1980. Hapo ndipo ukoo wa Land Cruiser ulianza kugawanyika.

Mwaka wa 1984: njia tatu

Mwezi wa Novemba 1984 gari ya 70 ilichukua nafasi ya ile ya 40. Ilikuwa na shasi nzito, ekseli za chuma kizima mbele na nyuma, na resori za vyuma bapa vilivyopangwa kimoja juu ya kingine, zile ambazo mafundi wanaziita «lame». Mbavu zake zimenyooka na pembe zake zinaonekana kutoka kwenye kiti cha shofere. Hilo lina faida yake: katika njia nyembamba, shofere anajua gari yake inaishia wapi.

Mwaka uliofuata, Toyota ilitengeneza 70 nyingine iliyo nyepesi zaidi, yenye resori za kujizungusha ambazo zinapunguza mitikiso. Mwaka wa 1990 hiyo nyepesi ilipewa jina la Prado. Kutoka hapo ilikwenda njia yake: ilibadilishwa mwaka wa 1996, 2002 na 2009, mpaka ile ya 250 iliyoonyeshwa mwaka wa 2023. Kwa maneno mengine, TXL ya Goma na pikapu ya 70 inayobeba makaa ni watoto wa mama mmoja.

Njia ya tatu ni ile ya jipu kubwa: mfululizo wa 80 mwishoni mwa miaka ya 1980, 100 mwaka wa 1998, 200 mwaka wa 2007 na 300 mwaka wa 2021. Ndani ya ukoo huo kila kizazi kiliongeza vifaa. Ile ya 80 ilileta resori za kujizungusha pande zote. Ile ya 100 iliacha ekseli nzima ya mbele, kila gurudumu la mbele likawa linapanda na kushuka peke yake. Safari ya lami ikawa tamu zaidi. Lakini Toyota yenyewe ilijua ya kwamba si kila mnunuzi ana lami, kwa sababu pembeni ya 100 ilitengeneza pia 105, iliyobaki na ekseli nzima.

Namna ya kusoma HZJ79

Kwenye kibao cha chuma cha kila Land Cruiser kuna herufi na tarakimu. Mafundi wa zamani wanazisoma kama vile muganga anasoma karatasi ya maabara.

Chukua HZJ79. HZ inaonyesha mota: 1HZ, mota ya mazutu ya silinda 6 na litre 4,2, iliyotoka mwaka wa 1990. J inaonyesha ukoo wa Land Cruiser. Tarakimu 7 ni mfululizo wa 70, na 9 ni umbo: pikapu ndefu. Ikiwa ni 8, yaani HZJ78, ni ile ndefu iliyofungwa, yenye mabenchi ya pembeni ambapo watu wanakaa wakitazamana. Ikiwa ni 6, ni ile ya milango minne ya abiria. Herufi za mbele zikibadilika, mota imebadilika: VDJ ni ile ya silinda 8 yenye turbo, iliyoingia mwaka wa 2007; GDJ ni ile mupya ya silinda 4 na litre 2,8.

Mota ya 1HZ haina turbo. Pampu yake ya mazutu inaendeshwa kwa chuma, si kwa kompyuta. Haina mbio. Lakini fundi mwenye funguo, filtri na subira anaweza kuisikiliza na kujua shida iko wapi. Ndiyo maana imeendelea kuuzwa katika inchi za Afrika zaidi ya miaka 30 baada ya kutoka.

Vifaa vya gari hizo za 70 vinafuata akili ile ile. HZJ78 ina tanki mbili za mazutu, kwa jumla litre 180. Hata kama gari inakunywa litre 18 kwa kila kilometa 100, tanki hizo zinaifikisha kilometa 1 000 bila kutafuta kituo. Snokeli, ile bomba inayopanda pembeni ya kioo cha mbele, inaipa mota hewa kutoka juu, mbali na maji na vumbi. Kuna pia kifaa cha kufunga diferansiele. Bila kifaa hicho, gurudumu moja likiteleza katika matope linazunguka bure, na lile la upande mwingine linasimama. Diferansiele ikifungwa, magurudumu yote mawili ya ekseli ile yanalazimika kuzunguka pamoja, na lile lililopata udongo mgumu linaitoa gari.

Mwaka wa 1999, gari ya 70 ilibadilishwa mbele: resori za kujizungusha zilichukua nafasi ya zile bapa, na shofere akapumzika kidogo. Nyuma, zile bapa zilibaki, kwa sababu ndizo zinazobeba mizigo. Huo ni mfano mzuri wa namna kiwanda kinavyofikiri: mbele panapokaa mtu panalainishwa, nyuma panapokaa mzigo panabaki pagumu.

Gari moja, bei tano

Kwa upande wa jipu kubwa, mambo ni mengine. Land Cruiser 300 ilipotoka mwezi wa Agosti 2021, shasi yake ilikuwa mupya kabisa, na uzito ulipungua kilo 200 hivi. Mota za silinda 8 ziliachwa, zikachukuliwa na mota za silinda 6 zenye turbo mbili. Ile ya mazutu ina litre 3,3 na farasi 309. Ile ya esansi ina litre 3,5 na farasi 415. Vitesi ni 10 na zinajibadilisha zenyewe. Urefu kutoka gurudumu la mbele mpaka la nyuma ulibaki milimeta 2 850, sawasawa na ile ya 80, kwa sababu wahandisi waliona ndio unaofaa njia mbaya.

Japani iliuzwa kwa viwango vitano: GX, AX, VX, ZX na GR Sport. Bei ilianza yeni 5 100 000 kwa GX na ikafika yeni 8 000 000 kwa GR Sport ya mazutu. Shasi ni ile ile. Tofauti ya karibu yeni 3 000 000 ni mota na vifaa: viti vya ngozi, skrini kubwa zaidi, kuwashwa kwa alama ya kidole, kamera zinazoonyesha udongo ulio chini ya gari, kompyuta ambayo inaulizwa kama njia ni ya matope, mchanga ama mawe. GR Sport peke yake ilipata diferansiele zinazofungwa mbele na nyuma pamoja na mfumo wa umeme unaolegeza ama kukaza vyuma vya kuzuia gari isilale upande.

Ikumbukwe ya kwamba kila kiwanda na kila soko lina herufi zake. Gari za Dubai na inchi za Ghuba zinaandikwa EXR, GXR na VXR. Za Japani zinaandikwa GX ama ZX. Kwa hiyo «VX» ya soko moja si lazima iwe na vifaa vya «VX» ya soko lingine. Muuzaji anayesema tu «ni VX» hajasema kitu bado.

Na ile 70 iliyorudi Japani mwaka wa 2023? Ilikuwa na kiwango kimoja tu, mota moja ya mazutu ya litre 2,8, na bei ya yeni 4 800 000. Yaani gari yenye umbo la 1984 ilikaribia bei ya 300 ya chini. Wanunuzi walilipa kwa ajili ya vile ambavyo havimo.

Barabara inavyochagua

Jamhuri ya Kidemokrasia ya Congo ina barabara za urefu wa zaidi ya kilometa 150 000 kwenye karatasi. Zile za lami ni sehemu ndogo sana. Anayetoka Bukavu kwenda Shabunda, ama anayepita Walikale akielekea Kisangani, anajua ya kwamba katika majira ya mvua barabara ya taifa inaweza kuwa shimo la maji ambamo makamyo yanalala siku nyingi.

Katika njia kama hiyo, vifaa vinabadilisha maana. Mota za kisasa za mazutu zinasukuma mafuta kwa nguvu kubwa sana, kupitia matundu madogo kuliko unywele. Zinataka mazutu safi. Mazutu ya «kadafi», yale ya bidoni pembeni ya barabara, mara nyingine yana maji ama vumbi ndani. Mota ya 1HZ inakohoa, fundi anasafisha filtri, safari inaendelea. Mota ya kisasa inaweza kuharibika sindano zake, na kompyuta inawasha taa ya rangi ya machungwa, kisha inapunguza nguvu ya gari ili kuilinda. Katika muji wenye garaji na skana, ni shida ya siku moja. Katikati ya msitu, ni gari iliyokufa, hata kama chuma chote bado ni kizima.

Mipira nayo ni vile vile. Viwango vya juu vinakuja na magurudumu makubwa na mipira myembamba, kwa sababu inapendeza na inashika lami vizuri. Jiwe moja kali linaimaliza, na ya kufanana nayo haipatikani Shabunda wala Lubero. Mipira minene ya 70 inapatikana karibu kila soko.

Kuna pia swali la usukani. Congo inatembea upande wa kuume wa barabara, kwa hiyo usukani unapaswa kuwa wa kushoto. Lakini mashariki ya inchi, jipu nyingi zilizotumika zinatoka Japani kupitia Mombasa na Dar es Salaam na usukani wa kuume. Shofere wa gari hiyo akitaka kupita kamyo, anapaswa kutoa gari yote nje kabla ya kuona kinachokuja. Hakuna kamera wala ngozi ya viti inayorekebisha hilo.

Lakini haifai kusema ya kwamba cha zamani ndicho kizuri siku zote. Kwa miaka mingi, 70 nyingi ziliuzwa bila mifuko ya hewa na bila freni zinazozuia magurudumu yasijifunge. Mabenchi ya pembeni ya HZJ78 ni hatari kubwa gari ikipinduka, hasa kama watu hawana mikanda. Mwaka wa 2016, nchini Australia, pikapu ya 70 ilipata nyota 5 za usalama kwa sababu ilikazwa shasi, ikapewa mifuko 5 ya hewa na mfumo wa kuizuia isiteleze. Soko lilidai, kiwanda kikatoa. Kwa hiyo ulinzi wa abiria unaweza kuwekwa hata katika gari rahisi. Ukikosekana, ni kwa sababu hakuna aliyeuomba ama hakuna aliyekubali kuulipia.

Chanjo, askari na misururu ya jipu

Gari inayopita mahali pote inambeba kila mtu. Mwaka wa 1987, katika vita kati ya Tchad na Libya, askari wa Tchad walitumia pikapu za Toyota zilizobebeshwa silaha wakashinda vifaru katika jangwa. Vita hiyo ikaitwa «vita ya Toyota». Wakaaji wa Kivu na Ituri hawahitaji kuelezwa zaidi. Wamekwisha kuona pikapu hizo zikipita na bunduki juu. Wepesi wa kutengenezeka unamfaa muuguzi, unamfaa pia mwenye silaha. Kiwanda kinajua: Land Cruiser 300 ilipotoka, Toyota iliwataka wanunuzi wa Japani waweke saini ya kwamba hawataiuza tena kabla ya mwaka mmoja, kwa hofu ya mahali ambapo gari zinaweza kufika.

Upande wa pili ni ule wa uzima. Mwaka wa 2021, Shirika la Afya Ulimwenguni liliidhinisha Land Cruiser 78 iliyowekewa friji ya chanjo ya litre 396. Friji hiyo inakula umeme wa gari inapotembea, na gari ikisimama inaweza kulinda ubaridi kwa saa 16 kwa betri yake yenyewe. Hapo tena ni vifaa, lakini vilivyochaguliwa na watu waliojua njia inakokwenda.

Wakati wa Ebola ya Kivu ya Kaskazini na Ituri, iliyotangazwa tarehe 1 Agosti 2018 na kumalizika tarehe 25 Juni 2020, Land Cruiser zilikuwa sehemu ya kazi ya kila siku: kubeba wauguzi, chanjo na wagonjwa. Watu zaidi ya 2 200 walikufa. Lakini wanainchi waliona pia misururu ya jipu mbele ya hoteli, wakasikia habari za gari zilizokodishwa kwa bei kubwa, na neno «Ebola business» likazaliwa. Kijiji kisicho na barabara wala ambulansi kiliona jipu nyingi kwa miezi michache, kisha zikaondoka. Hasira ile haikuwa ya gari. Ilikuwa ya swali rahisi: kumbe inawezekana kufika hapa?

Kabla ya kutoa pesa

Mafundi wenye uzoefu wanashauri mnunuzi aanze na njia, si na rangi. Gari itatembea wapi, na mara ngapi itakutana na lami? Itabeba nini: watu watano, ama wagonjwa na magunia? Fundi aliye karibu anaijua mota hiyo, na ana skana yake kama inahitajika? Mipira na filtri zinapatikana umbali gani? Usukani uko upande gani, na kila kiti kina mkanda? Baada ya hapo ndipo mnunuzi asome kibao cha chuma, alinganishe herufi zake na zile zilizobandikwa nyuma. Herufi za nyuma zinauzwa sokoni kama vibandiko. Za kibao si rahisi kudanganya.

Kwa mfanyabiashara anayekaa Goma na kutembea ndani ya muji, Prado ya TXL inaweza kuwa jibu zuri. Kwa kituo cha afya cha Fizi ama Walikale, gari isiyo na skrini, yenye tanki mbili na resori ngumu, itafanya kazi zaidi, mradi iwe na mikanda na freni nzuri. Shida inakuja pale kiongozi anapopewa pesa za ambulansi, akarudi na viti vya ngozi.

Mwaka wa 2019 Toyota ilitangaza kwamba imekwisha kuuza Land Cruiser 10 000 000 duniani. Ile ya 70 imepita miaka 40 na bado inatengenezwa, kwa sababu bado kuna barabara zinazoihitaji. Siku ambapo njia ya Shabunda itapitika kwa gari ndogo, mama mwenye uchungu wa kuzaa hatahitaji jipu ya mlima Fuji ili afike hospitali. Mpaka siku hiyo, wale wanaonunua gari kwa jina la wananchi wanapaswa kuulizwa si imeandikwa nini nyuma, lakini itafika wapi.